Seti za sili za ekseli ya mbele ya Land Cruiser: ipi inunuliwe, ipi iachwe kaunta

Hukumu kwanza. Kama unafungua mwenyewe ekseli ya mbele ya Land Cruiser ya zamani, nunua seti halisi ya Toyota kwa ajili ya sili na gasketi, nunua beringi za Kijapani peke yake, na lile boksi kubwa la bei poa linaloahidi "kila kitu ndani" liache kaunta. Huu si ushabiki wa jina. Kazi hii inakula siku nzima kwa upande mmoja kama mikono haijaizoea, na kinachomrudisha mtu chini ya gari mara nyingi ni sili moja tu, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya grisi atakayoipaka.

Magari tunayoyazungumzia ni yale yenye ekseli nzima mbele: HZJ75 ya springi za bamba, HZJ78 na HZJ79 zilizoanza kupewa koili mbele mwaka 1999, mfululizo wa 60, wa 80, na 105. Land Cruiser 100 ambazo magurudumu yake ya mbele yanajitegemea hazimo humu. Mfululizo wa 70 ulianza kutengenezwa 1984 na injini ya 1HZ ikaingia 1990, kwa hiyo HZJ75 nyingi zinazobeba watalii, dawa na magunia leo zina umri wa miaka 25 na zaidi. Injini ile ya lita 4.2 hubadilishiwa oili kwa wakati kwa sababu kila anayefungua boneti anaiona. Ncha za ekseli hakuna anayezigusa mpaka zivuje.

Kila mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma lenye uwazi ndani. Tufe hilo limevikwa nako, ile sehemu inayogeuka na tairi, na nako inageukia kwenye beringi mbili ndogo za kingpini, moja juu na moja chini. Shafti inapita katikati ya tufe ikiwa na jointi ya gololi sita, ili gurudumu lizunguke hata usukani ukiwa umekatwa. Chumba hicho hujazwa grisi. Upande wa pili, ndani ya bomba la ekseli, kuna oili ya difu. Kati ya grisi na oili kuna ukuta mmoja tu, yaani sili ya ndani iliyogongwa kwenye mdomo wa bomba. Nyuma ya nako zipo pete tatu, ya chuma, ya mpira na ya felti (ile sufu iliyoshindiliwa), zinazolifuta tufe kila usukani ukikatwa ili mchanga usiingie.

Sili ya ndani ikichoka, oili huhamia kwenye grisi na chumba kizima kinageuka uji mweusi. Uji huo unapenya kwenye felti, unachuruzika kwenye tufe, na mwisho unaingia kwenye diski na pedi za breki. Huku difu inabaki na oili pungufu bila dereva kujua, kwa sababu anachokiona nje kinafanana na grisi.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha tatizo ni hilo. Tufe lenye utando mwembamba wa grisi ni zima. Felti inafanya kazi yake. Tufe linalodondosha majimaji yenye harufu kali ya oili ya gia ndilo linaloomba sili. Toa pia ile plagi ndogo ya mraba iliyo kwenye nako na uchovye waya: grisi nzito inayong'ang'ania waya ni nzuri, kinachochuruzika si kizuri. Kisha pandisha tairi, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki ukitikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu (kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake). Ukibaki vilevile, ni beringi za kingpini. Na usukani unaotetemeka kwa nguvu kwenye mwendo wa kati baada ya kupita shimo, halafu ukatulia ukipunguza mwendo, mara nyingi ni kingpini zilizolegea, hata kama aliyekaa kaunta anakuuzia shokapu ya usukani. Shokapu mpya itauficha mtetemo huo kwa muda tu.

Mlio wa tak-tak-tak ukikata kona kali ukiwa kwenye four-wheel ni jointi ya shafti iliyokula, na seti ya sili haitautibu.

Sasa tuje kwenye bidhaa.

Kuanzia Gerezani pale Kariakoo mpaka Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaonyeshwa madaraja matatu. La kwanza ni seti halisi ya Toyota. La pili ni sili na beringi zinazouzwa moja moja kwa majina ya watengenezaji wa Kijapani: NOK na Koyo kwa sili, Koyo, NTN na NSK kwa beringi. La tatu ni boksi lisilo na jina linaloeleweka, au lenye jina linalobadilika kila mzigo unapoingia.

Seti halisi ndani yake ina sili ya ndani, pete tatu za nyuma ya nako, sili ya grisi ya habu, gasketi za stabu (bomba fupi ambalo habu huzungukia juu yake) na za loki za habu (kifaa cha kuunganisha habu na shafti), na washa ya kufungia nati za habu. Ubora wake unaonekana kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni mdomo wa sili ya ndani: mpira laini unaorudi ukiukunja kwa kidole, springi nyembamba iliyokaa sawasawa mzunguko mzima, na maandishi yaliyoumbwa kwenye mpira wenyewe, hayakupigwa rangi juu yake. Cha pili ni felti. Ya kiwandani ni nene, imebana, ukiivuta haichanguki nyuzi. Watu huidharau felti kwa sababu inaonekana kama kipande cha blanketi, lakini ikiwa nyembamba mchanga unaufikia mpira, mpira unachanika, na tufe linachorwa mistari ambayo hakuna sili itakayoiziba tena.

Kasoro za seti halisi zipo. Bei yake inauma ukilinganisha na uzito wa boksi. Haina beringi hata moja, na mnunuzi asiyeuliza hugundua hilo gari likiwa tayari juu ya stendi za chuma za gereji. Uliza pia kama boksi ni la upande mmoja au la pande mbili, maana maduka huuza vyote viwili kwa maelezo yaleyale. Halafu seti hutofautiana kwa mwaka wa gari na kwa kuwapo au kutokuwapo ABS. Usiseme "ya HZJ". Peleka namba ya chasisi. Duka lisiloweza kutafuta kwa namba ya chasisi linabahatisha, na bahati hiyo unaigharamia wewe.

Jihadhari na maboksi yaliyochapishwa yafanane na ya Toyota. Usilikague boksi, kagua kilichomo. Vika sili kwenye shafti yako ukiwa bado una nafasi ya kuirudisha: mdomo uguse shafti mzunguko mzima, na ukielekeza tochi nyuma yake mwanga usipenye popote. Mpira ukiwa mgumu, au ukiacha weusi kwenye vidole, rudisha.

Daraja la pili ndilo tunalolipendekeza kwa beringi, na kwa sili ya ndani kama seti halisi haipatikani. Unahitaji beringi nne ndogo za kingpini kwa gari zima na beringi nne za habu, mbili kila upande. Kila beringi ije na bakuli lake, yaani ile pete ya nje ambamo koni yenye roli hukaa. Kuweka koni mpya kwenye bakuli la zamani ni kuokoa dakika ishirini na kupoteza beringi. Jina na namba ziwe zimechorwa kwenye chuma chenyewe na zifanane na za kwenye boksi. Zungusha beringi kavu sikioni: sauti iwe moja, isiwe na mikwaruzo.

Daraja la tatu linavutia kwa sababu ya orodha yake ndefu. Ukizipanga mezani, gasketi zake zinatosha kwa kazi, na washa za nati si mbaya. Tatizo ni kwamba vitu vilivyo rahisi kubadilisha ndivyo vizuri, na vilivyozikwa ndani kabisa ndivyo vibovu. Sili ya ndani huja na mpira mgumu na springi iliyolegea. Kwenye beringi za kingpini hali ni ngumu zaidi: kipenyo kinakubali, lakini urefu wa beringi ukipungua au kuzidi kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, hesabu yote ya shimu (vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi) inavurugika. Ndipo mtu anapomaliza kufunga, usukani mzito kama wa lori, au umelegea kana kwamba hakubadilisha kitu. Kama mfuko unalazimisha daraja hili, chukua gasketi humo na ununue sili ya ndani kando. Hapo hatuna mjadala.

Vitu visivyomo kwenye boksi lolote na ambavyo kazi haiendi bila hivyo: soketi ya milimita 54 kwa nati za habu, mizani ya ndoano ya kuning'iniza (ile ya wauza samaki inatosha, mradi inasoma kilo moja moja), kipande cha fimbo ya shaba, vipini vipya vya tairodi (fimbo ya usukani inayoshikana na nako), kilo 2 za grisi kwa pande zote mbili, na oili ya difu takriban lita 3. Soketi ya 54 mafundi wengi hawana. Nati hizo huzungushwa kwa tindo na nyundo. Ukikuta nati zako zimeng'atwa pembeni, ujue ndivyo zilivyofungwa mara ya mwisho, na kwamba mkazo wa beringi ulikadiriwa kwa mkono. Soketi hii inastahili pesa yake kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha.

Kufungua

Weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati za rimu gari likiwa chini, pandisha kwa jeki chini ya ekseli, weka stendi. Ukifungua difu, anza na plagi ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Ya juu ikigoma baada ya oili kumwagika, gari limelala hapo. Kalipa ya breki ikitoka, ifunge kwa waya kwenye chasisi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki.

Ukitoa loki ya habu utakutana na washa za koni zilizokaza kwenye stadi. Hizi hazing'olewi kwa bisibisi. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya stadi kulinda uzi, kisha gonga pembeni mwa stadi kwa shaba, pigo fupi na kali, mpaka koni iruke yenyewe. Ondoa klipu ya pete iliyo kwenye ncha ya shafti. Ikigoma kufikika, funga bolti ya uzi wa milimita 8 kwenye tundu la ncha ya shafti na uivute shafti nje kidogo. Nyoosha meno ya washa, toa nati mbili kwa soketi ya 54, na habu itakuja ikiwa na beringi ya nje. Idake isidondoke mchangani.

Stabu imeshikwa na bolti nane na kwa kawaida imegandia. Igonge kwa shaba kuizunguka, usiipenyezee tindo, maana uso wake ndio unaokaliwa na gasketi. Kabla ya kuvuta shafti, izungushe mpaka upande bapa wa jointi uelekee juu. Bila hivyo haipiti. Andika kushoto na kulia, kwa sababu urefu wa shafti hizi haulingani.

Nako inatoka baada ya kuachia tairodi na kufungua nati za mkono wa usukani na za kifuniko cha kingpini, nazo zina koni vilevile. Hapa ndipo wengi huharibu. Chini ya mkono na chini ya kifuniko kuna shimu. Ziweke kwenye mifuko miwili, "juu" na "chini", kwa kila upande wa gari. Shimu hizi hukaza beringi, na pia ndizo zinazoweka nako, na kwa hiyo shafti, katikati ya mdomo wa sili ya ndani. Zikichanganywa, shafti inakaa juu au chini ya katikati, sili inabanwa upande mmoja, na hata sili bora kabisa itavuja mapema. Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa seti za sili zilipaswa kwenda kwenye mifuko ambayo haikuandikwa.

Angalia mabakuli ya beringi za kingpini chini ya mwanga. Kwa kuwa nako haizunguki mzunguko mzima, roli hupiga palepale gari linapokwenda moja kwa moja, na huacha vishimo vyembamba sambamba. Ukivihisi kwa ukucha, umepata chanzo cha usukani unaojishika katikati na kutetemeka.

Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa. Petroli inasafisha haraka zaidi, lakini kwa cheche za nyundo na moshi wa gereji za kwetu, hapana. Jointi ioshwe mpaka gololi zing'ae, ikaushwe, kisha ikaguliwe njia za gololi. Kuna utaratibu wa zamani wa kuhamisha jointi kutoka kushoto kwenda kulia ili upande ambao haujachoka ubebe mzigo wa kwenda mbele. Unafaa kama uchakavu ni mdogo. Njia zikiwa zimechimbika au kikombe kina ufa, ni jointi mpya.

Kufunga: pale sili inapoamuliwa

Kabla ya kung'oa sili ya ndani ya zamani, pima kwa rula imezama kiasi gani. Mpya ikae kina hicho hicho, midomo ikielekea kama ilivyoelekea ya zamani, na springi upande wa difu. Safisha mdomo wa bomba kwa msasa laini, gonga sili kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinachokaribia chake, na uizungukie usiigonge upande mmoja. Ikikaa kombo usiinyooshe kwa bisibisi. Itoe, na kama ukingo wake umepinda, nunua nyingine.

Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapogusa. Mfereji unaonasa ukucha utaua sili mpya. Kama bomba lina nafasi, ibakize sili ikae milimita moja au mbili pembeni ya mfereji huo. Kama halina, ni shafti nyingine. Kupaka silikoni hapo ni kupoteza silikoni.

Gonga mabakuli mapya ya kingpini, pakaa beringi grisi, rudisha nako bila pete tatu za nyuma na bila tairodi, shimu zikiwa kwenye nafasi zake. Kaza nati za mkono kwa Nm 96 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Geuza nako mara kadhaa beringi zikae, kisha tia ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi na uvute kwa pembe mraba. Kipimo cha kiwandani kwa mfululizo wa 80 ni kilo 3 hadi 6 pale nako inapoanza kusogea. Ikisoma chini, punguza shimu. Ikisoma juu, ongeza. Unapopunguza au kuongeza, gawanya juu na chini ili katikati isihame. Shimu za kiwandani huanzia unene wa milimita 0.1, kwa hiyo nenda taratibu. Baada ya kupata kipimo, fungua tena, vika pete tatu kwa mpangilio uleule zilivyotoka (piga picha siku ya kufungua, simu iko mfukoni), ndipo ufunge moja kwa moja.

Shafti inaporudi, ishikwe na watu wawili kama inawezekana: mmoja anyanyue, mwingine aongoze. Meno ya ncha yake ni makali, na yakiburuzwa juu ya mdomo wa sili unakuwa umeichana kabla gari halijawaka. Pakaa mdomo wa sili grisi kidogo kwanza. Hili tu, kunyanyua shafti isiguse sili, lina uzito kuliko tofauti ya bei kati ya daraja la kwanza na la pili.

Grisi ziwe mbili, zisichanganywe. Kwenye jointi na chumba cha nako ni ya lithiamu yenye moli (molibdenamu), nyeusi, daraja la NLGI 2 (kipimo cha uzito wa grisi). Ishindilie ndani ya jointi mpaka itokee upande wa pili kati ya gololi, kisha jaza chumba mpaka robo tatu. Ukijaza chote, grisi ikipata joto itatafuta pa kutokea, na itapatia kwenye sili uliyoifunga jana. Kwenye beringi za habu ni grisi ya lithiamu ya kawaida ya beringi, isukumwe kutoka upande mpana wa koni kwa kiganja mpaka ichomoze juu. Kupaka nje hakutoshi. Usisahau bushi iliyo ndani ya stabu: itie grisi nayo, maana ikikauka hula shafti.

Stabu Nm 47, gasketi mpya, hakuna haja ya silikoni kama nyuso ni safi.

Beringi za habu hukazwa kwa hatua, na hapa soketi ya 54 inajilipia. Kaza nati ya ndani kwa Nm 59, zungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa, legeza mpaka ikubali kuzungushwa kwa mkono, kisha kaza tena kidogo mno, Nm 5.4. Tia mizani kwenye stadi ya rimu na uvute: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 2.8 na 5.7. Washa, nati ya nje Nm 64, pima tena kwa sababu nati ya nje huongeza mkazo. Kwa gari linalobeba mzigo au tairi pana, lenga nusu ya juu ya kipimo. Kunja jino moja la washa kwenye nati ya ndani na jingine kwenye nati ya nje. Vipimo hivi ni vya mfululizo wa 60 na 80. Kwa HZJ78, HZJ79 na 105 fungua kitabu cha gari hilo kabla ya kukaza. Kalipa kwenye 80 ni Nm 123, na bolti hizo zisikazwe kwa makadirio.

Kipumulio

Hakuna boksi linalokuja nacho, na bila hicho seti yoyote utaitukana. Juu ya bomba la ekseli kuna kipumulio kidogo cha chuma. Difu ikipata joto hewa hupanuka na hutokea hapo. Kikiziba kwa matope, hewa hutafuta njia dhaifu zaidi, yaani sili za ndani, na huzisukuma zikiwa na oili. Kinyume chake ni kwenye maji: difu yenye joto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa hujikunja, na ekseli hunyonya maji kupitia sili hizo hizo. Kifungue, kioshe, kipulize kwa mdomo kuhakikisha kinapitisha. Kama gari linavuka maji mara kwa mara, weka mpira kutoka hapo mpaka juu ndani ya boneti. Gharama yake ni ndogo kuliko sili moja.

Ikiwa sili ulizobadilisha miezi michache iliyopita zimevuja pande zote mbili kwa pamoja, usilaumu seti kwanza. Anza na kipumulio. Upande mmoja pekee ndio unaoelekeza kwenye shimu, mfereji wa shafti, au sili yenyewe.

Baada ya kufunga, tembea kilomita 500 hivi, kisha pandisha tena magurudumu ya mbele na utikise, maana mabakuli mapya hujikalisha na mkazo wa habu hushuka kidogo. Kaza tena nati za mkono wa usukani siku hiyo hiyo; zile nne zenye koni ndizo zinazoshikilia usukani wako kwenye gurudumu. Grisi itakayojitokeza kwenye felti wiki ya kwanza ni ile ya ziada, ifute. Ikijitokeza ikiwa nyepesi na ya kunuka gia, fungua plagi ya mraba, chovya waya, na uangalie oili ya difu imeshuka kiasi gani kabla ya kwenda kugombana na mwenye duka.